Eka Moja ni Siku Ngapi?

Mpima ardhi alifika kwetu Keumbu saa tatu asubuhi, akiwa na kijana wa kumbebea vifaa, vigingi vya mbao na mkebe wa rangi nyekundu. Tata alikuwa ametuita wanawe watatu wa kiume turudi nyumbani wikendi hiyo bila kukosa. (Kwa msiojua Ekegusii: Tata ni baba, na Baba ni mama. Ndiyo, tulichekwa sana shuleni.) Alitaka kutugawia shamba akiwa bado anaweza kusimama mpakani kwa miguu yake, kwa sababu ameona majirani waliosubiri kugawana baada ya mazishi, na baadhi yao mpaka leo wako kortini.

Mimi nilipewa mwisho wa tepu nishike. Kazi rahisi, kazi ya mtu wa Nairobi. Tulianzia juu, kwenye barabara ya udongo inayoachana na lami ya Kisii kwenda Keroka, tukateremka kupitia migomba, tukaingia kwenye mahindi.

Katikati ya mahindi tukamkuta dada yangu mkubwa. Mahindi ni yake. Alirudi nyumbani 2008 na watoto wawili na begi moja, na tangu hapo hakuna msimu ambao hajalima shamba hilo. Kwenye karatasi ya mpima ardhi jina lake halikuwepo. Aliegemea jembe, akatazama kigingi kikigongwa kati ya mistari aliyoipanda mwenyewe, halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya sukari:

"Hii yote ni eka ngapi?"

"Mbili nukta nne, dada."

"Na eka moja ni siku ngapi?"

Mpima ardhi akacheka. Na sisi tukacheka, naona haya kusema. "Eka haina siku, dada," akamwambia. "Eka ni eka."

Yeye hakucheka. Aliinama akaendelea kupalilia.

Wiki iliyofuata, nikiwa na simu mkononi wakati wa chakula cha mchana, nikaanza kusoma kuhusu eka, bila sababu ya maana, vile mtu husoma tu. Kumbe eka ilikuwa na siku. Si kwa mfano, kwa maana yenyewe kabisa. Kwa desturi ya Waingereza wa zama za kati, eka ilikuwa kiasi cha ardhi ambacho mtu na maksai wake waliweza kulima kwa plau kwa siku moja. Ndiyo maana umbo lake halikuwa mraba kama tunavyolichora leo. Ilikuwa utepe mrefu mwembamba, futi 66 kwa futi 660, kwa sababu kazi ngumu ya plau haiko katika kwenda mbele, iko katika kugeuka. Kundi kamili lilihesabiwa kuwa maksai wanane. Jaribu kugeuza ng'ombe wanane waliofungwa pamoja kwenye kona ya shamba uone. Afadhali uwaache waende mbele mpaka wachoke, wapumzike, ndipo uwageuze. Zile futi 660 ni urefu wa mfuo mmoja wa plau, na Waingereza wakauita *furlong*, neno lililotokana na mfuo mrefu. Bado wanalitumia kwenye mashindano ya farasi, na sidhani wengi wanaobeti hukumbuka ng'ombe.

Hesabu ya mpima ardhi wetu inatoka pale pale. Futi 66 mara 660 ni futi mraba 43,560, na hiyo ndiyo eka iliyoko kwenye kila tangazo la ardhi unaloliona Kitengela. Mawakala wanakata ndani yake ploti za 50 kwa 100, zinaenea nane na kitu, wanauza nane, kinachobaki kinakuwa njia. Kila ploti ni takriban moja ya nane ya siku ya Mwingereza na ng'ombe wake. Mpima ardhi alikuwa amebeba siku ndani ya tepu yake na hakujua. Mwenye kuijua alikuwa ameshika jembe.

Halafu nikapiga hesabu ya kipande changu. Shamba letu kutoka barabarani hadi mtoni ni kama futi 650, na upana wake ni futi 160. Gawa kwa watatu: kila mmoja anapata futi 53 kwa 650. Weka hiyo kando ya eka ya kale, 66 kwa 660. Ni pacha wake aliyekosa maziwa. Ukisimama kilima cha pili ukatazama mashamba ya Kisii utaona tepe hizo zimepangana toka mgongo wa mlima hadi bondeni. Wetu hatukuzikata hivyo kwa ajili ya ng'ombe, miteremko mingi ya kwetu hata ng'ombe wa plau hasimami vizuri. Tulizikata hivyo ili kila mtoto apate barabara juu, udongo mzuri katikati na maji chini. Ni njia mbili tofauti kabisa, umbo likawa moja.

Waingereza hawakuwa peke yao. Wajerumani walikuwa na kipimo kinachoitwa *Morgen*, yaani asubuhi: kiasi cha kulima kabla ya jua kali. Karibu na kwetu zaidi, kwenye nyanda za juu za Ethiopia wakulima bado hupima kwa *timad*, ardhi inayolimwa na jozi ya maksai kwa siku moja. Huwa karibu robo hekta, lakini hubadilika mahali hadi mahali. Na hapo ndipo penye utamu. Kwenye udongo mzito au wenye mawe siku moja inazaa kipande kidogo, kwenye udongo laini inazaa kikubwa. Huko Uingereza kwenyewe eka ya Cheshire ilikuwa zaidi ya mara mbili ya eka ya serikali. Mtu wa ofisini anaona fujo. Mimi nilipoisoma nilimkumbuka marehemu Mama. Sikuwahi kumsikia akitaja eka. Alisema sehemu ya juu ni ya siku mbili za *egesangio*, kile kikundi cha wanawake wanaolimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Ya chini, iliyo ndogo kuliko ya juu, ni ya siku tatu, kwa sababu ya mawe. Alikuwa na ramani kamili ya shamba, na ilikuwa ya mgongo wake.

Basi nikapandwa na mori wa haki. Nikaandika kwenye grupu ya familia ya WhatsApp ujumbe mrefu, ule wa kubonyeza "soma zaidi". Nikasema eka ni siku za kazi. Nikasema mwenye siku kwenye shamba lile anajulikana. Nikasema sisi watatu tumekuja na tepu kugawana siku za mtu mwingine. Nikajiona Socrates.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu na hana haraka, alijibu baada ya saa mbili: "Na yule kibarua tuliyemlipa alime chini 2019, naye tumkatie? Na Mama miaka yake minne ya mwisho, alipokuwa hawezi kuinuka, shamba lilikuwa linampungukia?"

Sikulala vizuri siku hiyo. Kwa sababu swali lake lilikuwa zuri, na kwa sababu nilivyozidi kusoma ndivyo lilivyozidi kuwa zuri.

Chukua wale Waingereza. Mwaka 1086 mfalme William, aliyewavamia miaka ishirini kabla, alitaka kujua amepata nini. Akatuma watu kote wakaandike: hapa kuna ardhi ya plau ngapi, kuna plau ngapi, ng'ombe wangapi, watu wangapi, wanalipa nini. Kitabu hicho kipo hadi leo, kinaitwa *Domesday*. Sehemu za kaskazini na mashariki ardhi ilihesabiwa kwa karukati, kiasi kinacholimwa na plau ya maksai wanane kwa mwaka, mara nyingi kikikadiriwa eka 120. Moja ya nane yake ilikuwa ya ng'ombe mmoja. Kipimo safi cha jasho, sivyo? Ila jasho lile lilipimwa ili litozwe. Yule aliyekuwa nyuma ya plau mara nyingi hakumiliki ile ardhi. Alikuwa na kipande chake cha kulima, na ili abaki nacho siku kadhaa za kila wiki alilima ya bwana wake bila malipo. Siku zake zilijulikana, zilihesabiwa, ziliandikwa kwa wino mzuri. Hazikumfanya mwenye shamba.

Hata sisi tulishaandikwa hivyo. Babu zetu walivishwa kipande shingoni baada ya vita vya kwanza vya dunia, kitambulisho ndani ya kijisanduku cha chuma, kikionyesha ulimfanyia nani kazi na ulipwe ngapi. Neno ni lile lile: kipande. Cha ardhi, na cha mtu.

Na kuna jambo baya zaidi kwenye hoja yangu. Mwanafalsafa John Locke, katika kitabu kilichotoka 1689, alisema kwamba mtu akichanganya kazi yake na ardhi, ardhi inakuwa yake: kiasi anacholima na kupanda, hicho ni mali yake. Ukisoma haraka ni dada yangu anayeongea. Ukisoma polepole unaona nani alifaidika. Kama kulima ndiko kunakomiliki, basi anayechunga hajamiliki, anayepumzisha udongo hajamiliki, anayeacha msitu kwa ajili ya dawa na mizimu hajamiliki. Locke mwenyewe aliitazama Marekani hivyo, ardhi tupu inayosubiri mtu wa bidii. Hoja ya namna hiyo ilifika kwetu na Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902: ardhi ambayo kamishna alikatazwa kuuza ni ile tu ambayo mwenyeji alikuwa ameikalia kwa hakika. Nyingine yote ilikuwa mezani. Abagusii wa wakati huo walikuwa watu wa ng'ombe sana. Vijana waliishi na mifugo kwenye *ebisarate*, kambi za malisho mbali na nyumba, kabla Waingereza hawajazivunja. Mzungu aliyekuwa anatafuta shamba upande wa Sotik angeona nini akitazama nyasi? Asingeona siku ya mtu yeyote.

Kwa hiyo kipimo cha jasho kikishikwa na mtu mwenye bunduki kinakuwa panga. Nilikiri hivyo kwenye grupu. Kaka yangu akatuma kidole gumba, basi.

Lakini tatizo la dada halikuisha kwa sababu Locke ameharibika. Wanafalsafa wa WhatsApp tunapenda sana hiyo: hoja ya mtu ikiwa na shimo, tunamrudisha nyumbani mikono mitupu. Swali lake halikuwa "nani amiliki". Aliuliza eka moja ni siku ngapi. Ni swali lenye jibu, na hakuna aliyekuwa amejisumbua kulitafuta.

Nikarudi Keumbu mwezi wa pili, wakati wa kutayarisha shamba, nikachukua jembe. Saa moja asubuhi mpaka saa tisa, na kupumzika kwa chai na kwa aibu. Dada alikuwa upande wa pili, hatusemezani sana, namsikia tu: jembe lake lina mdundo, langu lilikuwa linabisha hodi. Jioni tukapima kwa hatua, vile vibarua wa kwetu hupimiwa. Mimi: hatua 14 kwa 10. Yeye: 22 kwa 12, na katikati alikuwa ameenda kukamua ng'ombe. Hatua yangu ni futi mbili na nusu hivi. Kwa hiyo eka moja ni siku 50 za mtu kama mimi, na siku 26 za dada yangu.

Sehemu inayolimwa kila msimu, ukiondoa migomba, nyasi za ng'ombe na boma, ni kama eka moja na nusu. Hiyo ni siku 40. Misimu ni miwili: siku 80 kwa mwaka, kulima peke yake, kabla hujapanda, hujapalilia, hujavuna, hujabeba. Zidisha kwa miaka 15 tu ya kwanza tangu arudi: siku 1,200. Mwondolee theluthi nzima kwa ajili ya vibarua na watoto wake waliomsaidia, bado ana 800. Mimi nina moja. Mikono ilichubuka hadi nikashindwa kushika usukani wa bodaboda niliyoazima.

Hesabu hiyo haisemi shamba ni lake. Nimeshakubali kwamba jasho pekee haliwezi kuwa mwenye neno la mwisho, maana lingemnyang'anya Mama kitanda chake. Kuna kipimo kingine cha kale cha Waingereza, *hide*, ambacho mwanzoni kilikuwa ardhi ya kutosha familia moja. Hakikuuliza umelima kiasi gani, kiliuliza mko wangapi. Nikajaribu hicho pia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 kaunti ya Kisii, kwenye eneo la kilomita mraba 1,300 na kitu. Gawanya: kama robo eka kwa kila mtu, ukihesabu na barabara, mito, masoko, shule na makaburi. Eka zetu 2.4 kwa hesabu ya midomo zinamtosha dada na wanawe na Tata, na sisi wenye mishahara tungesubiri nje. Kila kipimo ninachookota, hata kile kisichomjua, kinamwona dada yangu. Cha tepu tu ndicho hakimwoni, na hicho ndicho tulichoita cha haki kwa sababu hakina upendeleo.

Nilimwambia Tata hivyo. Tulikuwa tumeketi nje, redio imewashwa chini. Nilitegemea aseme mila, na mila alisema: binti akishaolewa ardhi yake iko kwa mume, watoto wake ni wa ukoo mwingine, ukimkatia leo kesho shamba limeingia kwa watu wengine. Nikamwambia Sheria ya Urithi imeanza kutumika tangu 1981 na inasema watoto, haisemi wavulana. Katiba ya 2010 ndiyo usiseme. Akanijibu, kwa upole tu, kwamba sheria ile ni ya mtu aliyekufa, na yeye bado anakunywa chai. Ana haki ya kumpa anayemtaka.

Halafu akasema kitu kingine, na hiki ndicho ninachokitafuna hadi leo. Alikuwa kijana ardhi ya kwetu ilipopimwa na kusajiliwa. Aliona wazee wakibishana nani alilima wapi, bibi ya nani alifungua kichaka kipi, na mwenye sauti kubwa ndiye aliyekuwa na kumbukumbu nyingi. Mjane mmoja jirani alipoteza nusu ya shamba kwa sababu hakuwa na wa kumsemea. Kamba ilipokuja, kelele zikakoma.

"Kamba haijui mtoto kipenzi ni nani," akasema. "Ukianza kuhesabu jasho, daftari atashika nani? Wewe?"

Sikuwa na jibu. Yule karani wa mfalme William alikuwa na daftari pia.

Nikamwendea dada jikoni nikamwambia nitampa kipande changu. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, au angalau asante. Akaendelea kuchagua wimbi kwenye ungo.

"Utanipa kama nini?"

"Kama... si nakupa tu?"

"Na ukioa?"

"Atajua ni yako."

"Atajua ni zawadi." Akapeperusha makapi. "Mimi sitaki kupewa. Nataka yule mtu arudi na karatasi yake aniandike pale mlipoandikwa. Hata kama ni kidogo."

Nilirudi Nairobi na mikono yenye bandeji. Kibali cha Bodi ya Ardhi bado hakijaombwa, na mpima ardhi amepiga simu mara mbili kuuliza salio lake. Vigingi viwili vimeliwa na mchwa. Kile cha katikati ya mahindi dada hajakigusa. Msimu huu amepanda maharagwe, yamekipanda hadi juu.

Wiki jana Tata alinipigia. Tuliongea mvua, tukaongea mguu wake. Mwishoni akauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, futi 160 ukigawa kwa nne zinakuwa ngapi.

"Arobaini, Tata."

Akanyamaza kidogo. "Arobaini ni nyembamba," akasema. "Ng'ombe hawezi kugeuka hapo."

Tata hajawahi kulima kwa ng'ombe maisha yake yote.